Mbwa anabweka usiku kucha, majirani wamefika kwa mjumbe. Nianzie wapi?

GetiJeusi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mbwa ni dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, miaka 2, kilo kama 28. Tupo Dar, Mbagala, nyumba zimebanana na barabara ya mtaa inapita mbele ya geti. Geti ni la nondo, anaona nje moja kwa moja.

Ratiba: saa 12 asubuhi anaingizwa bandani (futi 4 kwa 6, pembeni mwa geti), saa 2 usiku anafunguliwa. Chakula mara moja jioni, ugali wa dona na dagaa. Hatembezwi. Chanjo ya kichaa anayo.

Anabwekea boda boda, wapita njia, paka, na mbwa wa nyumba ya pili akianza naye anaitikia. Kilele ni saa 5 hadi saa 8 usiku. Akikemewa kutoka dirishani ananyamaza kidogo, anaendelea. Mmoja kashauri kola ya umeme (mkanda wa shingoni unaompiga shoti akibweka), mwingine kasema afungwe mdomo usiku. Sitaki awe bubu, ulinzi nauhitaji. Naomba hatua kamili.

---

KambaFupi

Mkuu, maelezo yako yenyewe yameshaonyesha tatizo lilipo. Huyo mbwa ana kazi, na kazi inamlipa. Boda boda inakuja, anabweka, boda boda inaondoka. Wewe unajua ingeondoka tu. Yeye anajua ameifukuza. Akishinda hivyo mara hamsini kwa usiku, kesho hana sababu ya kuacha. Na ule ukali wa dirishani kwake ni kwamba bosi naye kaja kusaidia kubweka.

Kwa hiyo usianze na mafunzo. Anza na geti.

Ziba nondo kwa bati flati upande wa ndani, kuanzia chini kabisa hadi kama mita 1.8. Chukua geji 28, piga ribiti kila sentimita 30, kunja kingo zisimkate. Bati jembamba lililoshikwa pembe nne tu litapigapiga kwa upepo, na utakuwa umempa kitu kipya cha kubwekea. Neti ya kivuli ina ubaya huohuo, inacheza. Usiache upenyo chini: atalala kifudifudi achungulie miguu ya watu, hela ya bati imepotea.

Pili, banda lihamie nyuma ya nyumba, mlango usielekee barabarani. Usiku mzuie asifike getini kabisa: waya na kigeti kidogo ubavuni mwa nyumba, abaki upande wa nyuma na kwenye baraza. Wengi hudhani hapo ulinzi umepungua. Mbwa aliyeko getini anaijibu barabara nzima, aliyeko karibu na mlango wako anamjibu aliyeingia.

Tatu, hesabu saa. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 14 ndani ya futi 4 kwa 6. Amelala mchana kutwa, unamfungua akiwa na nguvu za siku nzima na watu ndio wanataka kulala. Mtembeze dakika 40 kabla jua halijapanda, na dakika 30 baada ya magharibi. Kamba ya mita 2 hadi 3, na mwache anuse. Dakika 10 za kunusa kila kichaka humchosha kichwa kuliko kuburuzwa nusu saa. Kama lami bado ina moto, bandika nyuma ya kiganja sekunde 7. Ukishindwa wewe, nyayo zake nazo hazitaweza.

Chakula kigawe mara mbili, cha pili akipate saa 3 usiku, na asikikute kwenye bakuli. Chukua vifuu vya nazi viwili au vitatu, jaza uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa waliosagwa, weka kwenye friza tangu asubuhi. Kulamba kitu kilichoganda kutamchukua muda, na kulamba kunamtuliza. Akimaliza kiondoe, asije akatafuna kifuu chenyewe akameza vipande. Mifupa iliyopikwa usimpe, hasa ya kuku, inapasuka kama sindano.

Hayo yakae wiki nzima ndipo uje kwenye mafunzo. Weka daftari: saa, alichobwekea, dakika ngapi, nani alifanya nini baada ya hapo. Bila daftari baada ya siku kumi utakata tamaa kwa kuwa "bado anabweka", kumbe ameshuka kutoka muda wa saa tatu hadi dakika ishirini.

---

Mzizima77

Hizo zote kazi za mwezi mzima. Kola ya umeme wiki moja kimya. Tusidanganyane.

---

KambaFupi

Kimya utakipata, tatizo ni kile kinachokuja nacho. Mbwa haunganishi maumivu na koo lake, anayaunganisha na alichokuwa anakitazama. Kama ni mtoto anayepita na ndoo, mtoto ndiye aliyeleta shoti. Siku geti likiachwa wazi, hatabweka kwanza. Atauma.

Halafu zile zinazojiwasha kwa sauti, mara nyingine mbwa wa jirani akibweka karibu inamchapa wako aliyekaa kimya. Meno ya kola yakikaa shingoni siku nzima hutoboa vidonda. Na ukiivua anarudi palepale, kwa kuwa hujamfundisha afanye nini badala yake. Wales walizipiga marufuku tangu 2010.

---

DaktariWaZizi

Naongeza upande wa afya, maana kelele nyingine zinatoka mwilini.

La kufunga mdomo liondoe kabisa kwenye mawazo. Mbwa hatoi jasho kama sisi, ana tezi chache nyayoni tu; joto lake linatoka kwa kuhema mdomo wazi. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Kwa unyevu wa Dar, mbwa aliyefungwa mdomo kisha akahangaika anaweza kupita 41, na hapo ni dharura. Isitoshe hawezi kunywa maji, na akitapika anapaliwa. Ukimkuta amelegea, ufizi mwekundu sana, anahema kwa nguvu: mloweshe maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, huku unatafuta usafiri wa kumfikisha kwa daktari.

Kagua masikio. Akitikisa kichwa, akijikuna, au sikio likinuka, ana maumivu, na mbwa mwenye maumivu hushtuka kwa kila kitu. Angalia kupe kati ya vidole na ndani ya masikio. Ufizi ukipauka na hamu ya kula ikipungua, fikiria homa ya kupe, apimwe damu.

Kwa kuwa ni dume: jike akiwa kwenye joto mtaa wa pili, atahangaika na kulia kama wiki tatu hivi. Kumhasi kunapunguza hilo pamoja na utoro. Hakutibu kubwekea boda boda, asikuuzie mtu matumaini hayo.

Jambo la mwisho, lisomwe vizuri. Sauti *ikibadilika* ghafla, ikawa ya kukwaruza, na mbwa anadondosha mate au anashindwa kumeza, watu hudhani amekwamwa na mfupa na kuingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Mfungie peke yake, ita ofisi ya mifugo. Aliyeumwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Na hiyo chanjo angalia tarehe ya kadi, "anayo" ya mwaka juzi si chanjo.

---

GetiJeusi

Asanteni sana. Kadi nimeitazama, imebaki miezi 2, nitawahi. Maswali mawili. Nikimfundisha kunyamaza, mwizi akiruka ukuta si atanyamaza pia? Na alfajiri adhana ikianza anatoa mlio mrefu kama mbweha, si kubweka. Huo nao unatibiwaje?

---

KambaFupi

Hafundishwi kutobweka. Anafundishwa kuripoti, kisha kukabidhi. Mara tatu nne, unatoka unaangalia, unasema "Asante, kimya", kazi imekuwa yako. Mwizi akiwepo kweli hutasema kimya. Faida ya pili utaiona baadaye: leo akibweka saa 8 usiku nani anaamka kutazama? Hakuna. Mlinzi anayepiga kelele muda wote ni sawa na asiyekuwepo.

Maandalizi: robo kilo ya maini ya ng'ombe, chemsha dakika 15 bila chumvi wala kitunguu (kitunguu kina sumu kwa mbwa), kata vipande vya ukubwa wa njegere. Weka friji, vitoshe siku tatu. Punguza ugali kidogo ili asinenepe, maini yasizidi sehemu ya kumi ya chakula chake.

1. Mchana, pawe tulivu. Mtu wa nyumbani agonge geti mara mbili. Mbwa akibweka mara tatu, sema "Kimya" kwa sauti ya kawaida, *mara moja tu*, na sogeza ini puani. Ataacha ili anuse. Hesabu sekunde 1, mpe. Rudia mara 8, pumzika. Vipindi vitatu kwa siku, dakika 5 kila kimoja.

2. Akiweza mara 8 kati ya 10, ongeza muda wa kimya kabla ya kumpa: sekunde 3, 5, 10, 20. Usiruke. Akivunja kimya mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma.

3. Ondoa ini mkononi, liwe mfukoni. Neno litangulie, chakula kifuate. Wengi hukwama hapa: mbwa anamtii ini badala ya neno.

4. Mpeleke hadi sekunde 30, kisha fanya jioni, kisha usiku.

Sambamba na hayo, rekodi mlio wa boda boda kwenye simu. Cheza chini kiasi kwamba anazungusha sikio lakini hanyanyuki. Mlio *kwanza*, sekunde moja baadaye ini. Ukivitoa pamoja au ukitanguliza ini, hajifunzi kitu. Mara kumi, kisha pandisha sauti kidogo. Akibweka, umepandisha haraka.

Sasa angalia mtego. Mbwa mwerevu anagundua kwamba akibweka, akanyamaza, analipwa, basi anaanza kubweka ili anyamaze alipwe. Dawa yake ni kulipa zaidi pale asipobweka kabisa. Boda boda imepita, yeye kainua sikio tu: hapo mpe vipande vitatu vinne.

Wiki ya kwanza ya kutomkemea inaweza kuwa mbaya kuliko zamani, maana anasukuma njia iliyokuwa inafanya kazi. Mtu mmoja akichoka akapiga kelele dirishani usiku wa nne, mmerudi mwanzo. Kwa hiyo nyumba nzima neno moja, dada wa kazi na watoto wamo. Mkitumia "kimya", "nyamaza" na "wee!" kwa zamu, hatajua mnataka nini.

Kuhusu adhana, achana nayo. Mbwa wengi huitikia sauti ndefu iliyovutwa, iwe adhana, king'ora au honi ya treni. Hana hasira wala hofu, na sauti ikiisha naye anaisha. Kama majirani wanaudhika, mwingize ndani dakika kumi kabla, na kipande cha kutafuna. Usimwadhibu.

---

Nairobi_Ghorofa

Mimi naongezea kwa wale wanaokaa kwenye ploti na fleti huku kwetu: msichanganye hii na mbwa anayebweka akiachwa peke yake. Weka simu irekodi mkitoka. Akianza ndani ya dakika chache, anakwaruza mlango, anakojoa ndani, mate yamemwagika sakafuni, hiyo ni hofu ya upweke na "kimya" haitasaidia. Huanzia kwa kutoka sekunde 5, kurudi kabla hajaanza, kisha 10, 30, dakika 2, kwa wiki kadhaa. Mbwa wa pili si suluhisho, mara nyingi unapata wawili wanaolia.

---

DaktariWaZizi

GetiJeusi, mjumbe na majirani waambie leo, kabla ya wiki ile mbaya. Wape tarehe ya kuanza, onyesha bati na daftari. Jirani aliyechoka na asiyeambiwa kitu ndiye anayetupa nyama yenye sumu ukutani. Fagia uwanja kila jioni kabla hujamfungua, na mfundishe asile kitu kisichotoka mkononi mwenu au kwenye kifuu chake.

---

GetiJeusi

Nimeelewa. Fundi wa bati anakuja Jumamosi. Nitaleta hesabu ya daftari hapa baada ya wiki mbili.