Naomba ushauri: picha za zamani za Alliance Girls, Kikuyu

Ndugu wanajamvi, salaam. Naandika historia fupi ya Shule ya Upili ya Wasichana ya Alliance, iliyoko kwenye miinuko ya Kikuyu, Kenya, ambayo ilianzishwa mwaka 1948 kwa jina la African Girls High School, miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Ninazo picha za marehemu shangazi yangu, zisizo na tarehe. Moja ina mhuri wa studio uliofifia nyuma yake. Wazee niliowauliza wanapishana, na mmoja anakisia mwaka kwa kutazama viatu tu, hoja ambayo binafsi hainiridhishi. Je, nitumie vigezo gani kukadiria miaka ya picha hizi, na kumbukumbu za wamisionari wa Kikuyu niziombe wapi?