Tangu mwanangu apate simu hachezi tena na rafiki yake wa ukuta mmoja, nifanyeje?

MamaNasri_Tabata

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Nina jambo linaninyima amani, naomba mnisome mpaka mwisho maana ni refu kidogo.

Mwanangu yuko darasa la sita, ana miaka 12. Mwezi wa 12 mjomba wake alimletea simu janja aliyokuwa anatumia yeye, nia nzuri kabisa, akasema ya kujisomea. Sisi tunakaa Tabata, nyumba zimebanana, na jirani wa ukuta mmoja ana mtoto anaitwa Hamisi, hawa wawili wamekua pamoja toka chekechea. Yaani kila ikifika saa kumi jioni lazima usikie mluzi nyuma ya ukuta, mrefu mmoja mfupi miwili, na wangu hata kama ana tonge mdomoni anatoka mbio. Nilikuwa nagomba sana na ule mluzi. Sasa ni wiki nyingi sijausikia.

Jumamosi nimemenya maembe nikapeleka sahani nje nikakuta watoto watano wamejipanga kwenye ngazi za nyuma, simu moja kaishika wangu, wengine shingo zimepinda wanachungulia, mpira umelala kwenye mfereji, hamna anayeongea na mwenzie zaidi ya "piga huyo, piga huyo". Hamisi kakaa mwisho kabisa pale alipo hata skrini haioni. Akakaa weee, akasimama, akajipangusa kaptula, akaenda kwao. Hakuna aliyemuuliza unaenda wapi. Wangu hata kichwa hakuinua. Sahani nimeirudisha ndani na maembe yake.

Usiku namuuliza mwanangu mmegombana? Ananijibu "hapana mama, Hamisi hana simu". Basi, kwake hilo ni jibu limeisha. Nimnyang'anye? Baba yake anasema nikimnyima ataonekana mshamba kwa wenzie na atakwenda kuangalia kwa watu. Mnisaidie jamani.

Mkongwe wa Mbagala

Pole sana dada. Mi nitasema upande mwingine kidogo, simu ina makosa yake lakini tujiulize hao watoto wakiachana na simu waende wapi? Mtaani kwetu kulikuwa na uwanja tunapiga chandimu mpaka giza linaingia, leo pale pamejaa fremu za biashara na gereji, eneo lililobaki bajaji zinapita kama zinafukuzwa. Mtoto anaamka saa kumi na nusu usiku kuwahi basi la shule, anarudi jioni, anakula anapelekwa tuisheni, ikifika saa moja kachoka. Simu imekuta nafasi iko wazi ikaingia.

Ila nakubaliana na wewe kwamba kuna kitu kimepotea. Sisi tulicheza kombolela, na kombolela hata uwe na hela vipi huwezi kuicheza peke yako, mnakamatwa mmoja mmoja mnawekwa pembeni mnamngojea yule wa mwisho aje awakomboe. Na mara nyingi wa mwisho alikuwa yule mdogo mnyonge ambaye hakuna aliyemtegemea. Siku hiyo anakuwa mkubwa mtaa mzima. Watoto wa kike nao na rede yao, wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Dada zangu waligombana sana kwenye rede na kesho yake wanaitana tena. Huko ndo tulijifunza kupatana.

mwalimu_wa_msingi

Mama Nasri mi nafundisha darasa la tano na la sita, huko kwako nakuona kabisa maana Jumatatu asubuhi nayakuta yote darasani. Nikueleze kitu ambacho wazazi wengi hawakijui. Hilo gemu wanalocheza vijana wengi, Free Fire, ukicheza kwa kikosi ni watu wanne, na kila mmoja anatakiwa awe na simu yake na bando lake. Mechi inakwenda kama dakika 10 inaisha, wanaanza nyingine. Sasa marafiki wakiwa watano wa tano anakwenda wapi? Kwenye chandimu ukizidi mmoja mnapanga tu, huku sita kule watano, au unawekwa golini. Gemu haina goli la kumweka mtu. Kwa hiyo wala mwanao hajamchukia Hamisi, hesabu yenyewe imemtoa nje, na watoto hawana maneno ya kulieleza hilo ndo maana anakwambia hana simu.

Alafu kuna magrupu ya WhatsApp. Kwa masharti ya WhatsApp wenyewe mtoto chini ya miaka 13 haruhusiwi kujifungulia akaunti mwenyewe, lakini nina wanafunzi wa miaka 11 wana grupu la darasa, wanatukanana saa nne usiku, asubuhi nakuta wawili waliokuwa wanakaa dawati moja wametengana na wasiokuwa na simu hawajui kumetokea nini, wanacheka wanapoona wenzao wanacheka. Ufaransa toka 2018 wamepiga marufuku kutumia simu shuleni mpaka sekondari ya chini, Australia nao kuanzia 10 Desemba 2025 mitandao mingi mikubwa ya kijamii hairuhusiwi kuwapa akaunti walio chini ya miaka 16. Sisemi tuige kila kitu ila tusijione tunawaonea watoto tukiweka mipaka.

Na kwa wenye wadogo zaidi, WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, walishatoa mwongozo 2019, mtoto wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na chini ya hapo asipewe kabisa. Nawaomba sana, kumtuliza mtoto wa mwaka mmoja na katuni ili ale uji tuache.

Bi_Chanika

Samahanini mi nitapingana kidogo. Tulikuwa Temeke tukahamia Chanika, binti yangu aliacha shoga yake wa toka darasa la kwanza, alilia wiki nzima. Nauli na foleni mnaijua, hawawezi kuonana kila wiki. Simu yangu ndo imewabakiza, kila Jumapili baada ya chakula wanapigiana video, kila mmoja anamsuka nywele mdoli wake huku wanaonyeshana, wanaweza kukaa nusu saa hawaongei kitu cha maana na wana raha. Kwangu simu imeshika urafiki. Lakini ni simu yangu, naishika mimi, ikiisha nusu saa nairudisha. Labda hapo ndo tofauti.

Jingine, sisi wenyewe je? Binti aliniambia "mama nikikuongelesha unasema eeeh eeeh hunisikii". Nikaangalia mkononi nimeshika nini. Siku hizi tukiwa mezani simu yangu inakaa juu ya friji.

MamaNasri_Tabata

Asanteni mno. Mwalimu ile ya wa tano nimeisoma mara tatu, sikuwahi kuiwaza hivyo. Nimeongea na baba yake, simu hatujaichukua ila toka shule mpaka saa kumi na mbili na nusu inakaa kabatini kwangu, na nimeweka Family Link, ile programu ya wazazi kusimamia simu ya mtoto, ijifunge yenyewe usiku. Kanuna siku mbili. Wale watatu hawaji tena, wamehamia nyumba ya tatu ambako kuna mwenye simu, sitawadanganya hilo limeniumiza. Hamisi nilimfuata mwenyewe kwao nikampa maembe, kapokea kwa mikono miwili, kasema asante mama, kaingia ndani. Mluzi bado.

Mkongwe swali lako la waende wapi ndo limenikaa kichwani. Kuna mtu wa Tabata anajua sehemu ya wazi watoto wanaweza kucheza?

jirani_wa_Kimanga

Mama Nasri niko karibu na wewe. Uwanja wa shule ya msingi huku kwetu mlinzi anafungua geti Jumamosi saa tisa ukiongea naye vizuri, nimemuuliza leo. Wangu wawili watakuja. Mpira tunao ila umeisha upepo, kama una pampu njoo nayo, na umlete na Hamisi.