DVD zinakufa zikifika asilimia 70, nibadilishe draivu ya laptopu au ninunue ya nje? (Mwanza)

Kamera Igoma

Mwangaluka wadau. Nipo Igoma, kazi yangu kurekodi harusi, sendofu na kwaya. Kuna kwaya ya huku Kisesa wananidai DVD 60 za uzinduzi wao, zinatakiwa Jumapili ya wiki ijayo ziwe mezani, na draivu ya laptopu yangu imeanza kunisumbua vibaya sana. Ukiweka CD ya nyimbo inasoma bila shida. DVD original inasoma lakini inahangaika kwanza kama dakika nzima ndio picha inatokea. Kwenye kuchoma ndio kuna kesi, inaanza vizuri, inafika asilimia 60 au 70, inanguruma halafu inaleta kosa na diski ndio imekufa hivyo. Jana usiku nimeua diski 9 kati ya 14, na hizo tano zilizopona mbili zinaganda kwenye deki ya jirani nyimbo za mwisho.

Laptopu ni ile minene ya zamani iliyotoka ofisini, Windows 10, betri imeshakufa natumia chaja muda wote. Natumia ImgBurn, programu ya kuchomea diski. Diski nilinunua zile 50 kwenye kopo la plastiki, hazina jina la maana. Fundi mmoja mjini kasema leza imeisha niweke draivu nyingine ya ndani, mwingine kasema ya nje ya USB ndio mpango mzima. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, wale ni akina mama wamechangishana na nusu ya malipo nimeshapokea, sitaki kabisa kuwaangusha.

Fundi Kirumba

Pole kaka. Usinunue kitu bado, hizo dalili ulizotaja zinasema mengi.

CD kusoma vizuri hakuthibitishi chochote kuhusu DVD, maana ndani ya kile kichwa kuna leza mbili tofauti, ya CD ni ya nanomita 780 na ya DVD ni ya 650, kwa hiyo moja inaweza kuchoka au kushindwa kupenya uchafu na nyingine ikadunda tu. Halafu sikiliza hapa kwenye asilimia 60 mpaka 70. Diski inachomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na hizi draivu nyembamba za laptopu ukiziachia spidi ya 8x hazianzi na 8x, zinaanza taratibu kama 3x na kitu zikiwa huku ndani halafu zinapanda kadiri zinavyokwenda nje. Kule nje ndiko spidi kubwa, ndiko diski ya hali ya chini inakoyumba, na ndiko rangi iliyopakwa kiwandani mara nyingi haiko sawa. Leza yenyewe inafanya kazi ya kuunguza hiyo rangi, sasa ikiwa na vumbi mbele yake nguvu inayofika haitoshi. Ingekuwa leza imekufa kabisa isingefika hata asilimia 5, ungepata kosa la "Power Calibration Area Error", yaani draivu imeshindwa kupima nguvu ya leza, pale pale mwanzo.

Anza na lensi. Uzuri wa draivu ya laptopu ni kwamba ukitoa trei lensi inakuja nayo, huhitaji kufungua kitu. Fungua trei, kisha zima laptopu kabisa na uchomoe chaja, hiyo leza ya kuchomea si ya kuchezea na macho. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, weka tone moja la isopropili, ile spiriti ya kusafishia, mafundi simu wanayo kwenye vichupa, futa kale kajicho kwa upole sana bila kukandamiza maana kananing'inia kwenye vijiwaya vyembamba kama unywele. Thina hapana, petroli hapana, asetoni ya kutolea rangi ya kucha hapana kabisa, lensi ni ya plastiki itapata ukungu moja kwa moja. Acha ikauke dakika kumi.

Huku kwetu Kirumba draivu nyingi zinazoletwa kwangu nakuta wale wadudu wa ziwani wamekaukia humo ndani. Ukifanya kazi usiku na taa imewaka dirisha liko wazi, wanakuja kama moshi, na trei ikiwa nje wanatua humo humo.

Ukimaliza lensi, kwenye ImgBurn weka spidi 4x badala ya kuacha ijichagulie, na washa ile ya kuhakiki baada ya kuchoma. Halafu tafuta hata diski tano za kampuni inayojulikana, choma hizo na tano za kopo lako, linganisha. Upande wa kulia ImgBurn inaonyesha msimbo wa kiwanda kilichotengeneza diski, uandike, siku ukipata diski nzuri utajua ya kutafuta tena.

Nyamagana Tech

Mkuu mimi nakushauri achana na DVD, wawekee kwenye fleshi au pandisha YouTube, wakongwe wote wameshahama huko. Laptopu mpya siku hizi haziji hata na sehemu ya diski.

Dada wa Nansio

Kaka wa Nyamagana hapo sikubaliani na wewe. Mimi nipo Ukerewe, mama yangu ana deki yake ya mwaka gani sijui, haina hata tundu la fleshi, na ndiyo anaangalia harusi ya mdogo wangu kila wageni wakija. Kumwambia anunue bando aangalie kwaya ya saa moja na nusu YouTube ni kumnyima tu. Hao akina mama wa kwaya wanawajua wateja wao, wakisema 60 wana watu 60.

Kaka wa Igoma nikuongezee kitu ambacho kilinitesa. Hakikisha unachoma DVD ya video kamili, yenye folda la VIDEO_TS, usiburute faili la MP4 tu, deki za zamani hazilielewi. Na ukichomea kwa Windows yenyewe inakuuliza diski utaitumia kama fleshi au kwenye deki, ukichagua ile ya fleshi kwenye kompyuta inafunguka vizuri ila deki ya mtu inakataa. Pia diski ya 4.7GB Windows inaionyesha kama 4.38, usijaze mpaka ukingoni, ukiweza ishia kama 4.2. Huo ukingo ndio unaoganda.

Kamera Igoma

Asanteni sana, dada hapo kwenye ukingo umenigusa, nilikuwa najaza mpaka 4.36. Natengeneza masta, ile nakala mama ya kuchomea, upya.

Fundi, swali moja. Ikitokea draivu kweli imechoka, ya ndani au ya nje?

Fundi Kirumba

Kwa laptopu yako nenda ya nje. Ya ndani ni rahisi kufunga, nyingi zinashikwa na skrubu moja chini ukiifungua unavuta draivu yote inatoka, shida ni kupata inayolingana. Kuna unene wa milimita 12.7 na wa 9.5, pima yako na rula kabla hujaenda dukani. Kiunganishi kiwe SATA, zile za zamani zaidi ni IDE haziingiliani. Na kale kauso ka plastiki ka mbele itabidi ukahamishe kutoka kwenye ya zamani. Nyingi za hapa mjini zimetolewa kwenye laptopu zilizokufa, hujui zimeshachoma diski ngapi.

Kikubwa kuliko vyote soma maandishi kwenye lebo. Kuna draivu zinasoma DVD lakini zinaandika CD tu, muuzaji anakwambia "inachoma hiyo" na hasemi uongo. Unataka iliyoandikwa DVD±RW au DVD Writer. Jaribu pale pale dukani na diski yako.

Ya nje ukiifungua ndani ni draivu ile ile nyembamba ya laptopu, kwa hiyo spidi ni 8x vilevile, usitegemee miujiza, ila laptopu ikifa unaihamishia nyingine. Ugonjwa wake ni umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 na draivu ikichoma inaweza kutaka karibu mara mbili ya hapo, ndipo unasikia tik tik inajitoa yenyewe. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB au tundu la USB 3.0, usipitishe kwenye kigawanyio cha USB.

Na kwa vile betri yako haipo, umeme ukikatika diski iliyo kwenye trei imekwenda. Azima betri au UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, kwa siku hizo mbili tatu. Draivu nayo inapata joto, choma nne ipumzishe.

Kamera Igoma

Mrejesho wakuu. Nimesafisha lensi juzi, kijiti kilitoka na uchafu wa rangi ya kahawia, na nakumbuka mwezi uliopita nilichomea kazi ya Luchelele kule kule ufukweni usiku kucha. DVD original sasa inafunguka ndani ya sekunde chache.

Nikajaribu kama ulivyosema, zote 4x, masta ya 4.1GB. Diski za kopo tano, moja imekufa na moja imechomwa ikafeli kwenye kuhakiki. Za kampuni, tano kwa tano. Kwa hiyo draivu bado ipo, nilikuwa namlaumu asiyehusika. Nimenunua za kutosha za kampuni na UPS nimeazima kwa shemeji yangu. Kila moja inachukua kama dakika 15 na kuhakiki juu yake, zimeshafika 41 na hakuna iliyokufa tangu nibadilishe. Ya nje nitanunua hela ya kwaya ikikamilika, nimeshaangalia tundu zangu moja ni la bluu, yaani USB 3.0.

Kesho asubuhi mwenyekiti wao anakuja kuchukua moja akajaribu kwenye deki yake Kisesa mpaka wimbo wa mwisho, ndipo nichape makava.