Kura nyingi, viti vichache: nifahamisheni ramani ya Wisconsin

Bi Mshona Kofia, Langoni, Lamu
Asalaam aleikum wenzangu. Mpwa wangu anaishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin kule Marekani, na uraia keshapata. Juzi alinipigia simu nikiwa na kofia mapajani, akanambia 2024 alipiga kura akitoka nyumba ile ile, mlango ule ule, lakini eneobunge lake la bunge la jimbo lilikuwa jengine. Hajahama yeye, umehama mpaka! Kisha akaongeza la kunichanganya zaidi: 2018 chama cha Democratic kilipata kama asilimia 53 ya kura za bunge la chini la jimbo, kikaambulia viti 36 kati ya 99.

Mimi 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi, kuhesabu najua. Karatasi zikipangwa mafungu, fungu refu ndilo la mshindi. Sasa fungu refu litashindwaje? Mpwa ashikilia kwamba hakuna aliyeiba hata karatasi moja. Mume wangu asema hiyo ni porojo. Nifahamisheni polepole, tena bila Kizungu kingi.

Mwalimu wa Ganda, Malindi
Aleikum salaam, Bi. Kijana hakudanganya. Chukua watu mia: sitini wa chama cha Nazi, arobaini wa chama cha Embe. Viti vitano, kila kimoja watu ishirini, na kalamu ya kuchora mipaka wamepewa Embe. Watafanyaje? Watawarundika Nazi arobaini kwenye maeneo mawili, ishirini huku, ishirini kule, washinde huko mpaka wachoke. Nazi ishirini waliobaki watanyunyizwa kwenye maeneo matatu: saba, saba, sita. Humo Embe wanakuwa kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na nne. Embe viti vitatu, Nazi viwili, na hakuna sanduku lililofunguliwa usiku.

Kule wanaochora ni wabunge wenyewe, gavana anatia sahihi. 2011 wapinzani wao, chama cha Republican, walikuwa wameshika bunge lote na ugavana, wakajichorea, na ramani ya 2022 ikafuata mistari hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Ila tusimwonee mtu: Democratic wengi wanaishi Milwaukee na Madison, kwa hiyo walikuwa wamejirundika wenyewe kabla ya kurundikwa. Tena 2018 viti kadhaa vya Democratic havikuwa na mpinzani wa Republican, kwa hivyo ile 53 ina chumvi kidogo. Lakini viti 36!

Bi Mshona Kofia
Ahaa. Hapo kwa kunyunyiza ndipo nilipofahamu. Kofia nayo huchorwa kwanza kwa penseli kitambaani, ndipo sindano ifuate. Mteja huja akanisifu, "vito vyako vizuri", na mkono wangu ulifuata tu mstari uliochorwa na mwengine. Sasa nani aliyeifuta hiyo penseli yao?

Mwalimu wa Ganda
Mahakama ya Juu ya jimbo, Desemba 2023, majaji wanne kwa watatu. Na hapa watu wa Lamu mtacheka. Katiba ya Wisconsin yataka eneobunge liwe ardhi iliyogusana. Mahakama ikakuta maeneo yasiyopungua 50 kati ya 99 yana vipande vilivyokatika, vimezungukwa na eneo la mtu mwengine kama visiwa. Ramani ikatupwa. Gavana Tony Evers alitia sahihi mpya Februari 2024, na Novemba bunge la chini lililokuwa 64 kwa 35 likawa 54 kwa 45. Seneti ya jimbo ikawa 18 kwa 15, tena huko ilipigiwa kura karibu nusu tu ya viti, vilivyobaki ni vya 2026. Wengi bado ni Republican, lakini sasa wanalala jicho moja wazi.

Nahodha wa Faza
Visiwa? Wallahi majaji hao wasije Lamu Mashariki! Faza na Kiunga kinachotugusanisha ni maji ya chumvi, na kaskazi ikivuma hata hayo hayatugusanishi.

Lakini nitasema ambalo hamtalipenda. Sensa ya 2019 Lamu Mashariki tulikuwa kama watu 22,000. Ruiru walipita 350,000. Sisi mbunge mmoja, wao mbunge mmoja. Katiba yetu, Kifungu cha 89, yataka watu wakaribie kulingana: mijini na kwenye watu wachache tofauti isizidi asilimia 40, kwengineko 30. Wakenya milioni 47 na nusu gawa kwa viti 290, ni kama 164,000 kwa kiti. Kata hiyo 40 kwa mia, bado wabaki 98,000. Lamu nzima, Mashariki na Magharibi, ni 143,920. Hesabu yatoa kiti kimoja, kaunti nzima. 2012 mipaka ilipopitiwa tulinusurika kwa sababu sheria iliyalinda maeneo madogo yasifutwe. Mara ijayo je? Basi mkimlilia kijana wa Milwaukee kura yake ilingane na ya mwenzake, lieni kwa sauti ya chini.

Mtoto wa Shella, Malindi
Nahodha wangu, lakini kwetu angalau anayechora si mbunge, ni IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka. Ingawa mchoraji naye aliadimika: Katiba yasema mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, muda ukaisha Machi 2024, na tume ilikaa bila makamishna tangu mapema 2023 hadi Julai 2025.

Nahodha wa Faza
Na nani alilalamika huku kwetu? Hukunisikia mimi.

Bi Mshona Kofia
Mume wangu amelisoma jibu lako la kwanza mara mbili, Nahodha, akanyamaza, na kunyamaza si kawaida yake. Ahsanteni. Mpwa nitampelekea ya Nazi na Embe, ataipenda. Hii ya Ruiru simpelekei. Mkewe ni wa huko.