Jina la baba na uzawa vinatosha kushinda kura za maoni za chama? Naombeni ushauri

Mtoto wa Diwani

Wakuu, habari za leo. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mnishauri bila kunionea haya.

Nina miaka 38, ni mhasibu, naishi Dodoma. Marehemu mzee wangu alikuwa diwani vipindi vitatu na karibu jimbo zima wanamfahamu. Hadi leo nikipanda basi la kwenda nyumbani, konda akisikia jina la ukoo ananihamishia siti ya mbele.

2025 nilitamani kutia nia ya ubunge kupitia CCM, nikaacha kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Sasa nawaza 2030. Wazee wa ukoo wanasema nisihangaike, kitovu changu kimezikwa pale na mbunge aliyepo ni mtu wa kuja. Lakini tangu 2012 niko mjini, nyumbani naonekana Krismasi na kwenye misiba mikubwa tu. Je, jina na uzawa vitanibeba? Kama havitoshi, nianzie wapi?

Kalamu ya Mkaa

Tuanze na sheria, mkuu, maana wazee wako wameisahau. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na amependekezwa na chama chake. Kitovu hakimo.

Na mifano ipo. Paul Makonda wa CCM ni mtu wa Mwanza. 2020 aliomba Kigamboni, akaangushwa na Ndugulile kwenye kura za maoni. 2025 akaomba Arusha Mjini, ambako nako hakuzaliwa, akashinda. Mtu ni yuleyule na ugeni ni uleule, na kote kuwili alishakuwa mkuu wa mkoa na watu walishamwona akifanya kazi, ila safari ya pili ugeni haukumzuia. Kwa hiyo huyo mbunge wenu "wa kuja" usimdharau. Akishakaa miaka mitano anazika nao na kuozesha nao, huyo ni mwenyeji kuliko wewe.

Njiapanda

Napingana kidogo na Kalamu. Jina lina nguvu, tusimdanganye kijana. Mwaka 2014 peke yake, Ridhiwani Kikwete aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Chalinze, jimbo alilowahi kuliongoza baba yake, na Godfrey Mgimwa akashinda Kalenga baada ya baba yake, Waziri wa Fedha, kufariki. Hivi kweli wajumbe wa chama, wanaopiga kura za maoni, hawakusikia majina?

Kalamu ya Mkaa

Walisikia, sibishi. Ila kumbuka Arumeru Mashariki, 2012. Sioi Sumari aliomba kiti alichoacha marehemu baba yake, akapita kura za maoni za CCM, halafu Aprili Mosi wananchi wakampa Nassari wa CHADEMA. Jina lilitosha ndani ya chama, nje halikutosha.

Zanzibar 2020 ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kati ya walioomba kugombea urais kupitia CCM walikuwemo Hussein Mwinyi na Balozi Ali Karume, wote watoto wa marais. Aliyepita ni Mwinyi. Sasa kama jina ndilo linaloamua, la Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, lina uzito gani huko?

Mjumbe Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa mjumbe miaka mingi, nikueleze ya ukumbini. Watia nia wanaitwa mmoja mmoja, mnapewa dakika chache za kujieleza na swali moja au mawili. Ukitaja jina la baba yako, watu watapiga makofi kwa dhati kabisa, wanamlilia mzee wao. Kisha yule mama wa nyuma atamwinamia mwenzake: "Huyu alikuja tulipomzika balozi wetu wa nyumba kumi?" Wakikosa jibu, makofi yale hayakusaidii kitu.

Halafu ujue kura zenyewe zimebadilika. 2020 walipiga wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, watu mamia. 2025 wakaingizwa wajumbe wa matawi, jimbo kubwa linafika maelfu. Mamia unaweza kuwazungukia na jina la mzee. Maelfu, wengi wao vijana, baba yako wanamsikia kwa bibi zao.

Na kabla ya wajumbe kuna Kamati Kuu ya chama, inayochuja majina. January Makamba, aliyekuwa mbunge wa Bumbuli tangu 2010, mtoto wa aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama, 2025 jina lake halikurudi hata kupigiwa kura. Swali langu kwako ni moja: mzee wako ameacha deni gani? Simaanishi la fedha.

Mama Vikoba

Swali zuri sana hilo la mzee. Sisi wanawake wa matawi tunakumbuka ahadi kuliko majina. Na mdogo wangu, usije na vitenge na bahasha. Takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006, na TAKUKURU siku hizo wanakuwa macho. Hela tutakula, kura tutampa tunayemjua.

Mtoto wa Diwani

Mzee wangu Mjumbe, shikamoo. Swali lako limenigusa mahali. Kwenye arobaini ya baba nilipita kisimani karibu na zahanati. Mkono wa pampu umefungwa kwa waya na kipande cha mpira wa baiskeli, bibi mmoja anausukuma kwa mikono miwili na maji yanatoka kidogo kidogo. Akanitazama, akasema, "Baba yako alisema hii itabadilishwa kabla ya masika." Masika yalikuwa yamepita mara mbili. Nilimwambia pole, nikaondoka. Je, nikatengeneze ile pampu?

Mjumbe Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usiende na fundi na kamera. Ukifanya hivyo watasema kampeni imeanza, na watakuwa sahihi. Nenda kwa mwenyekiti wa chombo cha maji cha kijiji, uulize daftari linasema nini, wamechanga kiasi gani, RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani wamejibu nini. Wewe ni mhasibu, hesabu za maji vijijini zinavurugika kila siku. Kaa nao chini mzinyooshe. Fanya hivyo hata kama 2030 hutachukua fomu.

Mama Vikoba

Na yule bibi umtafute. Kaa naye, mwambie unakumbuka alichosema.

Mtoto wa Diwani

Nimempigia mama sasa hivi. Bibi yule anamfahamu, anakaa nyuma ya zahanati. Mwenyekiti wa maji ni mtu niliyesoma naye darasa la tano, nami sikujua. Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa napanda basi.