Alteneta ya Datsun 240Z: 60A ya 280ZX, 90A ya Nissan za karibuni, au kusuka upya ya zamani?

Zed_Tegeta
Wakuu, heshima kwenu. Nina Datsun 240Z, gari la spoti la 1972, injini ni L24 ileile iliyotoka nayo kiwandani. Alteneta (mashine inayochaji betri) imeandikwa 50A, yaani ampea 50, rigileta inayodhibiti volti zake iko nje, imefungwa kwenye bodi. Nimeongeza feni mbili za umeme kwenye rejeta, pampu ya mafuta ya umeme na taa za balbu za halojeni za H4. Mchana hainisumbui. Juzi usiku, mvua kubwa, foleni ya Mwenge, wipa zinapiga, nikapima betri: 12.1V injini ikiwa sailensi (inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta). Taa zikafifia, feni zikalegea, joto likaanza kupanda. Nililizima gari pembeni kwa hofu ya kuua injini.

Nina njia tatu mezani: 60A ya 280ZX (Datsun iliyokuja baadaye) yenye rigileta ndani, 90A ya Nissan za miaka ya karibuni, au nimpe fundi aisuke upya hii yangu, yaani aweke waya mpya za shaba ndani. Nani ameshafanya?

Mwanga_Mbezi
90A, usifikirie mara mbili. Ukishachonga breketi umemaliza, hata muziki utaongeza.

FundiWaya_Ilala
Mkuu, kabla hujanunua chochote, jumlisha mzigo. Taa mbili za 55W ni kama 8A. Feni zako mbili weka 25A, pampu 5A, wipa 5A, blowa (feni ya hewa ndani ya gari) 8A, mfumo wa kuwasha injini 5A. Hapo uko 56A, na betri yenyewe haijachajiwa. Na ile 50A iliyoandikwa ni ya injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye sailensi alteneta ya zamani inatoa chini ya nusu yake, na ikipata joto inashuka tena. Kwa hiyo Mwenge ulikuwa unatumia betri, si alteneta.

Ila hofu yangu kubwa ni waya. Kwenye 240Z, umeme wa kuchaji betri unaingia ndani ya gari, unapita kwenye ampimita (geji ya ampea) ya dashibodi, ndipo unarudi mbele. Umeme wote huo unapita kwenye geji na kwenye viungo vya miaka 50. Ukifunga 90A bila kugusa waya, moto utaanzia nyuma ya dashibodi, mahali usipopaona. Nimeshapokea gari la namna hiyo, soketi imeyeyuka ikawa donge moja.

Zed_Tegeta
Sasa niukate huo mzunguko wa geji?

FundiWaya_Ilala
Pitisha waya mpya wa 16mm² kutoka alteneta moja kwa moja hadi chanya ya betri, weka fyuzi kubwa karibu na betri. Waya huo una ukinzani wa kama miliohm 1 kwa mita, kwa hiyo hata 90A haikupotezei zaidi ya 0.1V kila mita. Ampimita itakaa karibu na sifuri kwa sababu umeme umepata njia fupi, basi funga voltimita. Erthi ya injini na bodi nayo ibadilishe. Watu wanaisahau, halafu wanalaumu alteneta.

Binti_Kigamboni
Mimi nimefunga ya 280ZX kwenye 260Z aliyoniachia marehemu baba. Inakaa kwenye breketi ileile, puli inalingana na mkanda. Rigileta ya nje unaitoa, kwenye plagi yake unaunganisha waya wa kusoma volti na waya wa taa ya chaji, kila mmoja kivyake. Hapo ndipo nilipokwama: nikitoa ufunguo, injini inaendelea kuunguruma, kwa sababu alteneta inarudisha umeme kwenye koili ya kuwashia injini. Dawa ni dayodi moja (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa taa, mstari wake uelekee alteneta. Sasa hivi kwenye sailensi, taa na feni zikiwa zimewashwa, nasoma 13.4V.

Kama uko karibu na bahari kama mimi, paka grisi kwenye vichwa vya waya. Ile kutu ya kijani inarudi baada ya miezi michache tu.

Mzee_wa_Gerezani
Vijana, Zed hizi zilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1971 dereva akiwa Herrmann, 1973 akiwa Mehta. Naomba msizichonge ovyo. Kusuka upya kunawezekana, lakini atakayekusukia kwa ampea nyingi zaidi ndani ya mwili uleule atakupa joto, na dayodi za ndani zitafuata. Kama imechoka, badilisha kaboni (brashi za kupitisha umeme) na beringi, iwe 50A ya kweli.

Ukienda kutafuta ya mtumba, soma kibati. Zimejaa za 24V za malori na mabasi. Na za injini za dizeli za Nissan kama TD27 zina pampu ya vakyumu mgongoni inayotaka mafuta ya injini. Hiyo haikufai.

Mwanga_Mbezi
Shikamoo mzee. Mimi bado nasema 90A, hasa akija kuweka AC.

FundiWaya_Ilala
AC ikija tutaongea upya, kaka. 90A ikibebeshwa mzigo wote inaidai injini karibu nguvu farasi 3, na hapo kuna mkanda mmoja wa V. Mkanda utapiga kelele kila mvua ikinyesha, ukiukaza sana unaua beringi ya pampu ya maji. Kwa mzigo alioutaja, 60A na waya mpya. Moja ya feni aiwekee swichi ya joto isiwake bila sababu.

Zed_Tegeta
Nimeelewa, natafuta ya 280ZX. Waya na erthi naanza nazo wiki hii kabla ya alteneta. Kuna mwenye klampu mita ya DC (kipimo cha ampea kinachobana waya)? Nataka kupima feni zinakula ampea ngapi kweli.

Binti_Kigamboni
Ninayo. Jumamosi asubuhi navuka na feri, nitakuletea. Chaji betri ijae usiku wa Ijumaa, la sivyo vipimo vitatudanganya.