Nataka kumpeleka bi mkubwa vijijini Ufaransa, naombeni ushauri

Mwana_Chumbageni

Wakuu, habari za muda huu.

Naishi Ghent, Ubelgiji, mwaka wa sita sasa. Mwezi wa tisa bi mkubwa anakuja kunitembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Visa ya Ubelgiji ameshapata. Mimi nimepewa likizo ya siku nane tu. Nilimuuliza kwenye simu anataka kuona nini, nikijua atasema Paris na ule mnara. Akanijibu: "Mji nitauona hapo kwako. Nipeleke shamba nikaone wenzetu wanaishije."

Nikakaa nikapanga hivi: siku moja Mont-Saint-Michel, mbili makasri ya Loire, mbili Dordogne, moja Carcassonne, mbili Alsace, tunarudi. Gari ninalo, nitaendesha mwenyewe.

Ana miaka 66 na magoti yanamsumbua, ngazi ni mtihani. Ni mtu wa swala tano, kwa hiyo chakula nacho ni mtihani. Kifaransa changu ni cha kuombea maji.

Mpango umekaaje? Natanguliza shukrani.

Kibuyu Tupu

Mkuu, huko si kumtembeza mzazi, hiyo ni ratiba ya basi la mkoani. Mama ataona vioo vya gari na vyoo vya barabarani.

DerevaMstaafu

Kibuyu kakutania lakini yuko sahihi. Fungua ramani. Mont-Saint-Michel iko pwani ya kaskazini-magharibi, Alsace imepakana na Ujerumani, Carcassonne iko chini kabisa kuelekea Hispania. Umeizunguka nchi nzima. Chagua kona moja ukae.

Na visa usiwe na wasiwasi, ya Ubelgiji inampitisha Ufaransa bila tatizo. Abebe pasipoti yake na karatasi ya bima, asiviache nyumbani kwako.

Shangazi wa Bordeaux

Mdogo wangu, kwanza msalimie mama, mpe shikamoo yangu.

Mimi ningekwenda Dordogne tu, mkoa wa mashamba huku kusini-magharibi, mengine yote ningefuta. Nimeishi Bordeaux miaka kumi na moja na kila mgeni wangu kutoka nyumbani nampeleka huko. Tafuta nyumba ya kupanga ya shambani, wenyewe wanaiita gîte, karibu na mji wa Sarlat. Ina jiko, na jiko ndilo litakalokuokoa kwa habari ya chakula. Kule bata ndiye mfalme. Viazi maarufu vya Sarlat hukaangwa kwa mafuta ya bata, na hata kimanda unaweza kuletewa kilichokaangwa kwa mafuta hayohayo. Bata mwenyewe hakuchinjwa kwa namna ambayo mama ataikubali. Nunua nyama yako halali Ghent au mji mkubwa njiani, igandishe, beba kwenye kisanduku cha barafu. Samaki na mboga utapata sokoni Sarlat, Jumatano asubuhi na Jumamosi. Jumamosi ndiyo yenyewe: jibini, uyoga, jozi (zile njugu za ganda gumu, ndani kama ubongo mdogo), asali. Mama yako akitokea Tanga, hapo sokoni hutamtoa.

Kwa magoti, dawa ni mto. Nenda La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya mto Dordogne na jabali. Ukisimama chini unaona nyumba zimepachikwa ukutani mwa mwamba kama viota vya mbayuwayu. Na si mapambo: mwaka 1957 kipande cha jabali kilidondoka kikaua watu watatu. Mwamba unatazama kusini, unashika jua mchana kutwa, kwa hiyo chini yake wamepanda minazi-minazi na migomba. Migomba, ndani ya Ufaransa! Hapo utapanda gabare, mashua bapa kama zile zilizokuwa zikishusha mbao na mvinyo kuelekea Bordeaux. Safari ni kama saa moja, amekaa, makasri yanampitia mwenyewe.

Kibuyu Tupu

"Minazi-minazi" 😂 shangazi sema michikichi ya mapambo.

Shangazi wa Bordeaux

Sema wewe basi, mtaalamu wa mimea.

Mushi_wa_Limoges

Kuhusu makasri. Castelnaud na Beynac yanatazamana ng'ambo hii na ile ya mto. Wakati wa Vita vya Miaka Mia (1337–1453) Beynac lilikuwa la upande wa mfalme wa Ufaransa, na Castelnaud likawa mara nyingi mikononi mwa Waingereza. Majirani wanaonana dirishani, maadui. Leo Castelnaud ni makumbusho ya silaha za vita vya kale, kuna mitambo mikubwa ya kurushia mawe. Lakini ni ngazi za kuzunguka kama konokono na njia ya mawe ya kupanda. Kwa magoti ya mama, hapana. Beynac wana maegesho juu kabisa karibu na kasri, usije ukaegesha chini mtoni ukampandisha kwa miguu.

Bint Pangani

Mnataja vita vya wazungu na wazungu mnamruka dada yetu. Mpeleke mama Milandes! Ni kasri la Josephine Baker, mwanamke mweusi aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906 katika ufukara, akaja Paris 1925 kucheza jukwaani hadi akawa nyota. Vita vikuu vya pili akawapelekea siri za kijeshi wapinzani wa Wajerumani, akatunukiwa nishani. Alianza kwa kulipangisha hilo kasri, 1947 akalinunua, akalea humo watoto kumi na wawili aliowaasili kutoka nchi mbalimbali. Madeni yakamshinda. Mwaka 1969 akatolewa kwa nguvu. Kuna picha yake amekaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, kofia ya plastiki kichwani, miguu peku, blanketi mapajani. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wao, mwanamke mweusi wa kwanza.

Ukifika nenda kautafute huo mlango wa jikoni. Mimi nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

DerevaMstaafu

Na Lascaux? Amkose mama michoro ya mapangoni?

Kibuyu Tupu

Lascaux gani? Pango lenyewe, lililogunduliwa na vijana wanne mwaka 1940, limefungwa kwa umma tangu 1963 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaharibu michoro. Unachooneshwa ni nakala. Nilipe hela kuona fotokopi?

Mushi_wa_Limoges

Kibuyu, hiyo nakala ya Montignac ya mwaka 2016 si ya kubezwa, wameiga mpaka mikunjo ya mwamba. Ila kama mnataka kitu halisi, nendeni Rouffignac. Pango la kweli, michoro ya kweli, na mnaingia kwa treni ndogo ya umeme. Magoti hayahusiki. Bebeni masweta, mle ndani ni kama nyuzi 13, na picha hawaruhusu.

Na barabarani: kijijini usipoona alama yoyote kwenye njia panda, anayetokea kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama ni babu na trekta. Ukilipita bango lenye jina la kijiji, mwendo ni 50 hata kama hakuna aliyekuandikia. Dukani sema bonjour kabla ya neno lolote. Hawa watu wa shamba ni kama wa kwetu Marangu: ukianza na shida yako kabla ya salamu, umekwisha.

Mwana_Chumbageni

Nimefuta kila kitu wakuu. Ghent hadi Sarlat ni zaidi ya kilomita 800, naona nilale njiani. Wapi?

DerevaMstaafu

Lala eneo la Orléans. Kesho yake pitia Chambord, kasri la mfalme François wa Kwanza, ujenzi ulianza 1519. Viwanja vyake havina kiingilio, unalipia maegesho tu. Mama akalione kwa nje, mnywe chai, muondoke. Ndani ni ngazi tupu.

Mwana_Chumbageni

MREJESHO.

Wakuu, tumerudi juzi. Tulikaa usiku sita kwenye nyumba moja nje ya Sarlat, mwenye nyumba bibi wa makamo na kuku wake. Siku ya pili tu nikamkuta bi mkubwa uani na yule bibi, huyu anaongea Kiswahili, yule Kifaransa, wanaangua jozi wanacheka. Sijui walikuwa wanaongea nini mpaka leo.

Aliyesema tuwahi chakula cha mchana hakuwepo, kwa hiyo nasema mimi: siku moja tulifika mgahawani saa nane na dakika kumi, wakatuambia jiko limefungwa. Tukala mkate na ndizi kwenye gari.

Rouffignac ndiyo iliyomshika. Treni inaingia gizani, mwongozaji anamulika kurunzi ukutani, anatokea tembo wa kale mwenye manyoya, mstari mmoja tu wa rangi nyeusi na unamwona yuko hai. Halafu dari limejaa wanyama. Nikamtafsiria kwamba zamani sakafu ilikuwa juu, nafasi ilikuwa kama mita moja, hivyo mchoraji alifanya kazi amelala chali. Akanyamaza, halafu: "Na taa alishikiwa na nani?"

Gabare alipanda mara mbili. Migomba ya La Roque-Gageac akaikagua akasema imekonda. Milandes tulifika, Bint Pangani. Alikaa kwenye ngazi za ule mlango, magoti yalikuwa yamechoka, akakataa nisimpige picha.

Sasa swali. Yule bibi kampa kilo tatu za jozi na ganda lake, na bi mkubwa ameapa zinafika Tanga. Kuna aliyewahi kupita na vitu vya aina hii uwanja wa Dar? Anaondoka Alhamisi.